Fundi wa peke yako Dodoma, wabebe wenzako kwanza

Kama umeamua kufungua biashara ya mtu mmoja hapa Dodoma, tuseme ufundi cherehani maana ndo ninaoujua vizuri, usianze na bango, anza na watu wanaokuzunguka. Tangu 2016 serikali ilipoanza kuhamia huku wageni wamekuwa wengi sana, mtu katoka Dar anafanya kazi Mtumba, kule kwenye mji wa serikali, hana fundi anayemjua, atamuuliza mwenye duka alikonunua kitambaa. Jibu la yule mwenye duka ndo biashara yako.

Sasa unampataje huyo? Nenda sokoni, chagua maduka mawili matatu yenye vitambaa vizuri, kila mteja anayekuja kwako mikono mitupu mpeleke huko, tena ukiweza ongozana naye, na usidai kitu. Wengi wanaomba komisheni siku ya kwanza kabisa, hapo tayari mwenye duka anakuona gharama. Na mteja mwambie ukweli kuhusu mita, gauni la mita tatu usimnunulishe tano ili mabaki yawe yako, atakuja kujua tu.

Mafundi wenzako ndo muhimu kuliko wote na ndo tunaowaogopa bure. Una ovaloki, ile mashine ya kushona kingo za kitambaa zisifumuke, na jirani hana? Mpigie nguo zake. Kazi ndogo usimtoze, kazi kubwa achangie umeme wa luku, basi. Idi ikikaribia, au Krismasi, au ile Januari kila mzazi anataka sare kwa mpigo, usipokee kazi usizoziweza, mpe jirani huyo mteja pamoja na vipimo ulivyokwisha kuchukua. Utaambiwa unafukuza wateja, mi nakataa, maana mteja aliyepata nguo yake siku ya sikukuu anamkumbuka aliyemuelekeza, ila aliyepigwa kalenda mpaka sikukuu ikapita huyo harudi na anaenda kuwaambia na wenzake. Halafu we uko peke yako, siku umelala na malaria nani atapokea wateja? Ni huyo huyo jirani.

Ila naomba sana hapa tuelewane, ukarimu sio kukopesha. Ukitaka kutoa toa kabisa, kifungo, pindo, zipu iliyogoma, mtengenezee mtu bure akiwa amekaa kwenye benchi lako mnapiga stori, haikugharimu kitu na atakuletea dada zake wote. Nguo nzima chukua advansi ya nusu, hata kwa shangazi. Ndugu akija na kauli ya "nitakupa mwisho wa mwezi" amua hapo hapo, kama unaweza mwambie hii nakupa zawadi, kama huwezi mtajie bei kwa heshima, kwa sababu deni likikaa mtu anaanza kukukwepa, anapita njia nyingine, umepoteza hela na ndugu pia.

Mwisho ingia kwenye mchezo, ule wa kuchangishana hela na kupokea kwa zamu, na wafanyabiashara wa hapo hapo ulipo, kiwango kile unachokiweza hata mwezi mbaya, na kijumbe anayekusanya hela asikufuate, we ndo umfuate. Zamu yako ikifika na kuna mwenzako ana mgonjwa, kama hujabanwa badilishana naye. Hakikisha tu kijumbe anaandika hiyo zamu mpya mbele ya wote.