Pamba kwanza, pesa baadaye

Kaskazi inakaribia na rodi zilizotumika, zile za kuvulia sulisuli, zimeanza kuzungushwa hapa Malindi. Kabla hujatoa pesa, nyofoa pamba kidogo, hii hii ya duka la dawa, uizungushe ndani ya kila pete ya rodi, pale mshipi unapopita, hasa ile ya nchani. Pamba ikinasa na kuacha nyuzi, pete ina ufa. Jicho halitauona, lakini mshipi utauona: samaki akiuvuta kwa kasi mita mia mbili, ufa ule unaukwangua kama wembe. Usikimbie lakini, pete hubadilishwa kwa bei nafuu, na zile nyuzi muonyeshe muuzaji mkipatana. (Wangu alinuna, kisha akateremsha.) Kwa rodi nzito za nduaro, yule samaki mkubwa wa bahari kuu, zenye vigurudumu badala ya pete, pamba haina kazi. Hizo pitisha mshipi, funga ndoo ya maji mwishoni, uivute polepole huku ukitazama: kigurudumu kisichozunguka kimeshaliwa na chumvi. Wala pamba haitakwambia kama rodi yenyewe imepasuka chini ya rangi. Ikunje taratibu, usikilize.