Kwadi za mbio: chagua kwa ardhi na uzito wako kabla ya kuangalia cc

YFZ450R na Raptor 700R, zote kwadi (pikipiki za magurudumu manne) za Yamaha, zinatofautiana upana kwa sentimita 7 tu. Msituni, sentimita hizo 7 ndizo zitakazoamua kama utapita kati ya miti miwili au utatoka na mkono wa mbele, yaani chuma kinachoshika gurudumu, umepinda. Kwa hiyo kabla hujauliza injini ina cc ngapi, jibu maswali matatu: utaendesha zaidi kwenye ardhi ya aina gani, una kilo ngapi ukiwa umevaa kofia, buti na kinga zote, na utakaa juu ya mashine kwa muda gani kila mara. Majibu hayo yataondoa nusu ya mashine kwenye orodha yako.

Elewa kwanza namna kwadi ya mbio inavyokata kona, maana mambo mengi yanatokana na hapo. Nyuma haina difrensho. Magurudumu mawili yamefungwa kwenye ekseli moja nzima na yanazunguka kwa kasi moja hata kwenye kona, wakati la nje linatakiwa kwenda mbali zaidi kuliko la ndani. Matokeo yake mashine inang'ang'ania kwenda moja kwa moja. Dereva ndiye anayeigeuza: anafunga gesi na kushika breki kabla ya kona ili uzito uje mbele, anasogeza kalio upande wa ndani wa kiti, anakandamiza kikanyagio cha nje kwa nguvu, kisha anasukuma gesi kwa kidole gumba mpaka tairi za nyuma zianze kuteleza kidogo na mkia kuzunguka. Mashine pana inavumilia kosa katika hatua hizo. Nyembamba na ndefu kwenda juu inanyanyua gurudumu la ndani, na asiyejua kuhamisha mwili anapinduka.

Mashine mbili zinazolinganishwa zaidi

YFZ450R ina injini ya 449 cc yenye valvu tano za titani, fremu ya alumini, na upana wa mm 1240 hivi. Shokapu za mbele zinasafiri mm 250, za nyuma karibu mm 280. Ikijazwa maji, oili na petroli inafika kilo 184. Nguvu yake iko juu, mizunguko ya injini ikishapanda. Ukiiacha ilale chini kwenye gia kubwa inakuwa nzito na inaweza kukuzimikia, lakini ukiiweka kwenye gia sahihi inaruka. Ina gia tano na haina rivasi. Tangu toleo la 2014 ina klachi inayolegea yenyewe ukishusha gia ghafla, kwa hiyo tairi za nyuma hazifungi unapoingia kona kwa kasi. Hilo ni jambo kubwa kwa mtu anayejifunza mbio.

Raptor 700R ni mnyama wa tabia nyingine. Ina silinda moja ya 686 cc, upana wa mm 1170, mbele inasafiri mm 230 na nyuma mm 256, uzito karibu kilo 192. Nguvu inaanzia chini kabisa, hivyo unaweza kukaa gia ya tatu kwenye njia ambayo 450 ingekudai ubadilishe gia mara nne. Ina rivasi. Ukikwama pua kwenye kichaka, au ukasimama kwenye mteremko wa mchanga na mbele kuna shimo, rivasi inakuepusha na kunyanyua kilo 192 kwa mikono. Katika Dakar, mbio ndefu za jangwani, kundi la kwadi lilikuwa na washindi wake kuanzia 2009 hadi 2024, na Raptor 700 ndiyo iliyotawala: injini isiyochoka kwa mizunguko midogo, inayovuta mchangani siku nzima.

Kwa maneno mafupi, 450 ni ya mtu anayeshindana kwa dakika 15 hadi 20 kwenye uwanja wenye miruko. 700 ni ya mtu anayekwenda mbali. Kuipeleka 700 kwenye motokrosi, yaani mbio hizo za uwanjani, inawezekana, ila baada ya kuzunguka uwanja mara chache mikono italia, maana uzito wake unahisiwa zaidi hewani na wakati wa kutua.

Kati ya zilizotumika utakutana na Honda TRX450R, iliyotengenezwa 2004 hadi 2014. Ni ya kabureta, kwa hiyo ukihama kutoka usawa wa bahari kwenda milimani utabadilisha jeti (kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta), la sivyo itameza petroli nyingi na kutoa moshi mweusi. Suzuki LT-R450 ya 2006 ilitoka ikiwa tayari na mfumo wa injeksheni, unaopuliza petroli bila kabureta. Iko chini na ni pana, inapendeza mno uwanjani na inasumbua kwenye mawe. Kawasaki KFX450R, ya kuanzia 2008, ina fremu ya alumini na rivasi, jambo adimu kwa mashine za mbio za kundi hilo. Uliza upatikanaji wa vipuri kabla hujalipa. Pistoni na gasketi si tabu sana kupata. Plastiki za mwili, nyaya na kompyuta ya injini ndizo zitakazokusumbua.

Nani apande nini

Mtu mzima anayeanza asinunue 450 ya mbio. Anahitaji mashine inayosamehe gesi ikifunguliwa vibaya: Honda TRX400X, inayopozwa kwa hewa na rahisi kutengeneza, au Suzuki LT-Z400. Aliye mdogo wa mwili au mwenye hofu ya klachi aangalie TRX250X ya 229 cc, ambayo hubadilishwa gia bila kulazimika kushika klachi. Ukimaliza msimu mzima na ukaanza kuona mashine inakuchelewesha, hapo panda daraja.

Kwa watoto fuata umri ulioandikwa kwenye mashine yenyewe. YFZ50 ni ya kuanzia miaka 6, Raptor 90 kuanzia 10, na kwadi kubwa za mbio ni za kuanzia 16. Mtoto wa kilo 35 hana uzito wa kuhamisha mashine ya kilo 180. Hata awe jasiri namna gani, mwili wake hauwezi kufanya kile kinachogeuza kwadi. Na kwadi ya mbio hukaliwa na mtu mmoja. Kiti ni kirefu kwa sababu dereva anahama mbele na nyuma.

Dereva mrefu ashughulikie usukani kwanza: vishikio vya usukani vinavyouinua kwa mm 20 hadi 30 vinamwezesha kusimama bila kupinda mgongo. Dereva mzito ashughulikie springi, na hapo pana maelezo zaidi.

Kupima springi kwa uzito wako

Hii ndiyo kazi inayobadilisha kwadi kuliko bomba la moshi lolote, na inahitaji futi ya kupimia, jeki na mtu wa kukusaidia.

Nyanyua mashine mpaka magurudumu yaning'inie. Weka alama ya kalamu kwenye bodi moja kwa moja juu ya kitovu cha gurudumu, kisha pima kutoka katikati ya kitovu hadi alama. Andika. Ishushe, irukierukie mara mbili tatu ili shokapu zikae mahali pake, halafu panda ukiwa na vifaa vyote, simama kwenye vikanyagio, usukani umenyooka. Msaidizi apime tena pale pale. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo kiasi mashine ilichozama kwa uzito wako. Lenga karibu theluthi moja ya safari yote ya gurudumu: kwa mbele yenye safari ya mm 250, mm 80 hivi.

Imezama zaidi? Kaza ringi ya springi, pande zote sawa kwa idadi ya mizunguko. Sasa shuka upime bila dereva. Kama mashine tupu haizami hata kidogo baada ya kukaza, springi ni laini kwako. Umeibana tu, haijawa ngumu. Itagonga mwisho kwenye miruko na kurusha mkia unapotoka kwenye mashimo. Nunua springi ngumu zaidi. Mwepesi naye ana tatizo la kinyume: ringi imelegezwa hadi mwisho na mashine bado imesimama juu, basi atafute springi laini. Gusa vidhibiti vya kubana na kurudi kwa shokapu baada ya hapo tu, klik mbili kwa wakati mmoja, ukiandika ulikoanzia. Angalia hili pia unapolinganisha matoleo: 700R inarekebishika kwa kina, wakati Raptor 700 ya kawaida inakupa kukaza springi tu.

Kuiandaa kwa ardhi

Motokrosi hutaka upana na kimo cha chini. Watu hupanua ekseli ya nyuma na mikono ya mbele, lakini kwenye mbio nyingi kikomo ni inchi 50, yaani mm 1270, kwa hiyo pima kutoka nje ya tairi hadi nje ya tairi kabla ya kununua chochote. Upepo wa tairi wa psi 5 hadi 6 unatosha kwenye udongo laini.

Msituni fanya kinyume: baki na upana wa mm 1170 hivi, weka bamba la alumini chini ya injini na chini ya mikono ya mbele, kinga za mikono kwenye usukani, na upepo wa psi 6 hadi 8 ili jiwe lisibane tairi dhidi ya rimu na kuitoboa. Ukiwa na 450 punguza jino moja kwenye sproketi ya mbele. Kutoka 14 hadi 13 ukiwa na 38 nyuma ni karibu sawa na kuongeza meno matatu nyuma. Mwendo wa juu utapungua, lakini injini haitazimika kwenye kona za polepole.

Kwenye machuguu ya mchanga tairi za nyuma ziwe za makasia (vibao vya mpira vinavyochota mchanga), makasia nane hadi kumi kwa kila tairi ya 450, na za mbele ziwe na ukingo mmoja katikati wa kukata mchanga. Makasia yakizidi hapo, 450 inashindwa kuyazungusha. Usiziendeshe kwenye ardhi ngumu hata mita mia, zinachanika na zinaumiza klachi na ekseli. Filta ya hewa ipakwe oili yake na kuvalishwa soksi ya nje, isafishwe kila siku ya kuendesha. Mchanga ukipita unakula pistoni na valvu kwa siku moja. Bendera ndefu nyuma ni lazima, kwa kuwa anayepanda chuguu upande wa pili hakuoni.

Kwa safari ndefu za jangwani ongeza kizuia mtikisiko wa usukani na tangi kubwa. Tangi la lita 10 au 11 huisha haraka kuliko unavyodhani gesi ikiwa wazi kwenye mchanga. Kidole gumba nacho kitakufa ganzi: sogeza kifyatuo cha gesi ili kidole kisijikunje sana, na lainisha kebo yake.

Popote uendako, funga kamba ya kuzimia injini mkononi, na weka vyuma vya pembeni vyenye wavu. Mguu ukiteleza kwenye kikanyagio bila wavu, tairi ya nyuma inaupanda.

Ukikagua iliyotumika

Iombe ikiwa baridi. Gusa injini; ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Valvu za titani za kuingiza hewa zikichakaa zinazama kwenye viti vyake, nafasi ndogo inayotakiwa kuachwa juu ya valvu inaisha, na dalili ya kwanza ni injini inayokataa kuwaka asubuhi lakini inayowaka vizuri ikishasukumwa. Tiba ni valvu na viti vipya, gharama unayopaswa kuiondoa kwenye bei.

Nyanyua mbele. Shika gurudumu juu na chini ulitikise: likicheza, boli jointi au beringi zimekwisha. Shika kushoto na kulia: mchezo hapo ni wa ncha za fimbo za usukani. Nyuma, sukuma ekseli juu na chini ukisikiliza kishikilia beringi, kisha zungusha gurudumu polepole ukitazama ncha ya ekseli. Ikichora duara, imepinda. Nati kubwa za ekseli hulegea na kula meno ya sproketi na ekseli yenyewe. Ukishainunua, zikaze kwa kipimo cha kitabu na chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye ekseli, ili kila asubuhi jicho moja likuambie kama imesogea.

Oili ya YFZ450R, na nyingine zenye tangi la oili la kando, ipimwe baada ya kuwasha injini hadi ipate joto na kuzima. Ukipima ikiwa baridi utaona imepungua, kumbe imeshukia chini ya injini, nawe utaongeza mpaka imwagike kwenye kasha la filta ya hewa. Filta iliyolowa oili nyeusi kwenye mashine ya kuuzwa mara nyingi ni kosa hilo hilo. Muulize muuzaji alivyokuwa akiipima kabla hujahukumu pistoni.