Namna ya Kuandaa na Kutumia Mzizi wa Mswaki

Mti tunaouita mswaki, ambao kwa jina la kitaalamu ni Salvadora persica, huvumilia chumvi kuliko miti mingi ya nchi kavu, na ndiyo maana mkazi wa Bagamoyo huweza kuutafuta nyuma ya mikoko, kwenye udongo wa chumvi usiomfaa mwembe wala mpapai. Matawi yake huinama, na majani yake, manene kiasi, hukaa mawili mawili yakitazamana. Kwa kuwa vijiti vya kupigia mswaki hukatwa pia kutoka miti mingine, ukiwemo mwarobaini, ponda jani kwa vidole ulinuse: la mswaki lina ukali wa haradali.

Fukua upande mmoja tu wa mti, ukate mzizi mmoja au miwili yenye unene wa kidole cha mwisho, kisha urudishie udongo, maana mti uliofukuliwa pande zote hukauka. Vipande viwe vya sentimita 15 hadi 20. Wengi wetu, hata hivyo, hununua vilivyokwisha kukatwa nje ya msikiti siku ya Ijumaa. Hapo chagua kinachopindika bila kuvunjika.

Osha kipande, kisha kwangua gome la ncha moja kwa kisu, kiasi cha sentimita 1, mpaka weupe wa ndani uonekane. Ikiwa kimekauka, loweka ncha hiyo katika maji safi kwa saa chache. Niliwahi kukisahau changu kikombeni siku tatu, nikakikuta kimelegea na ule ukali wote umeishia majini. Tafuna ncha taratibu hadi nyuzi zichanuke kama brashi. Mate ya mwanzo huwasha ulimi, nawe yateme.

Sugua kutoka kwenye fizi kuelekea ncha ya jino. Kusugua kwa kukingamisha hukwaruza fizi, na kosa hilo nimeliona hata kwa wazee waliotumia mswaki maisha yao yote. Kila siku kata nyuzi zilizochakaa, utafune sehemu mpya.

Katika tiba za jadi majani nayo huchemshwa kwa ajili ya kikohozi, ila mjamzito asiyanywe kabla ya kumwona daktari. Jino lililokwisha kutoboka haliponi kwa mzizi huu. Hilo ni la daktari wa meno. Kipande chako kihifadhi mahali penye hewa, mbali na choo.