Namna ya Kutazama Machweo Mekundu Nyuma ya Mlima Meru Ukiwa Moshi

Anayetaka kuyaona machweo haya vizuri aanze na kalenda. Ukiwa mjini Moshi, Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya meta 4,500, unaonekana upande wa magharibi, umbali wa kilometa 65 hivi, na ni siku chache tu za mwaka ambapo jua hutua nyuma ya kilele chenyewe. Siku hizo huja mara mbili: katikati ya Aprili na mwishoni mwa Agosti. Za Aprili huangukia masika, na mara nyingi mawingu huufunika mlima wote, kwa hiyo mimi husubiri za Agosti. Ukisogea kusini mwa mji, hadi kwenye mashamba ya miwa, tarehe nazo husogea kuelekea Juni, kwa kuwa kutoka huko Meru huonekana upande wa kulia zaidi.

Tafuta mahali ambapo upande wa magharibi hauna miti wala majengo, iwe ukingo wa shamba au juu ya ghorofa, nawe uwe umefika kabla ya saa kumi na mbili na dakika kumi jioni. Mwishoni mwa Agosti jua la Moshi huchwa kama saa kumi na mbili na nusu, lakini kwa kuwa mlima umesimama juu ya upeo wa macho, jua hufichwa na kilele mapema zaidi, takriban dakika kumi na mbili kabla. Usilikodolee macho lingali kali, na usilielekezee darubini kamwe. Tangu ukingo wake wa chini uguse mlima hadi litoweke lote ni dakika mbili hivi, maana katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta jua hushuka karibu wimawima.

Hapo ndipo watu wengi huondoka, na kwa kweli huniuma kuwaona wakienda, kwa sababu wekundu wenyewe bado haujaja. Mwanga wa jua linalotua hupita katika hewa nyingi kuliko ule wa adhuhuri, zaidi ya mara 30 linapokuwa kwenye upeo. Njiani rangi ya buluu hutawanywa pande zote, na zinazotufikia ni rangi ya chungwa na nyekundu. Baada ya jua kufichwa, mwanga huo huendelea kuyapiga mawingu ya juu kwa chini yake. Kwa hiyo yatafute mawingu membamba yaliyo juu sana, yanayofanana na pamba iliyochambuliwa, kisha subiri dakika 20 hadi 30. Anga ikiwa tupu kabisa, wekundu hubaki kama utepe tu juu ya mgongo wa Meru. Vumbi jembamba mno lililo juu sana huuzidisha: volkano ya Krakatoa ilipolipuka Agosti 1883, machweo yalikuwa mekundu kupita kawaida katika sehemu nyingi za dunia kwa miezi mingi.

Katika kusubiri huko, geuka utazame kaskazini. Kibo, kilele kirefu zaidi cha Kilimanjaro, kwa urefu wake wa meta 5,895, bado kinaliona jua ambalo wewe umekwisha kulipoteza. Kama hakina mawingu, theluji yake huacha weupe ikawa na rangi ya papai lililoiva, kisha waridi, halafu kivuli hupanda kutoka chini taratibu mpaka kilele kizima kigeuke rangi ya majivu. Unaweza kuufuata mstari wa kivuli hicho kwa macho.

Kwa picha ya simu, gusa sehemu angavu ya anga kwenye kioo, upunguze mwanga hadi mlima uwe mweusi tii. La sivyo simu itaung'arisha mlima na kuufifisha wekundu. Piga picha mbili tatu, kisha iweke simu mfukoni. Beba sweta na tochi, kwa maana giza huingia upesi, na wekundu wa mwisho, ule ambao Waislamu wengi wa kwetu hungoja utoweke ndipo wakati wa Isha uingie, huonekana vizuri zaidi macho yakiwa yamezoea giza.