Je, Ada ya Mafunzo ya Udereva wa Malori Itarudi? Namna ya Kuikokotoa Kabla ya Kulipa

Ada ya mafunzo ya malori makubwa inapotajwa, wengi huanza kulinganisha chuo na chuo ili wajue kilicho nafuu, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni jingine: siku utakapotoka na cheti mkononi, ni nani atakayekukabidhi ufunguo wa lori la mamilioni lenye mzigo wa mtu mwingine? Nimewahi kufanya kazi katika yadi moja ya malori jijini Dar es Salaam, nikipokea maombi ya madereva, na bahasha zilizojaa vyeti hazikuwa haba. Kilichokuwa haba ni jina la mtu ambaye tungeweza kumpigia simu akatuambia, "Huyu namfahamu, ameshuka mlima Kitonga na mzigo na gari likafika salama." Kwa hiyo, anza kupima kutoka mwisho wa njia, yaani kutoka kwa mwenye ufunguo, kisha urudi nyuma hadi kwenye dirisha la kulipia ada.

Toa kwanza leseni yako uisome. Kwa Tanzania, malori makubwa na yenye trela huendeshwa kwa daraja E, na daraja hilo haliombwi na mgeni wa usukani: hujengwa juu ya daraja D la magari ya kawaida, kwa miaka ya uzoefu inayoonekana katika kumbukumbu za leseni yako na kwa cheti cha chuo kinachotambuliwa. Chuo hakiwezi kukuuzia miaka hiyo, na anayekuahidi kwamba atakupitishia njia ya mkato anakuuzia matatizo ambayo yatajitokeza siku ya ajali, pale bima na polisi watakapoanza kuuliza maswali. Ikiwa daraja D lako bado ni bichi, nenda kwa askari wa usalama barabarani uulize ni lini utastahili kupanda, halafu fedha yako ikae mahali ilipo mpaka tarehe hiyo ikaribie, kwa sababu ujuzi wa kurudisha trela nyuma usiotumika kwa mwaka mzima hupotea kama lugha isiyozungumzwa.

Hapo ndipo watu hutengana. Dereva wa Canter au Fuso mwenye miaka kadhaa barabarani, ambaye bosi wake ana mpango wa kununua semi-trela, yuko katika nafasi nzuri kuliko wote, na kwake mafunzo mara nyingi yana faida. Utingo aliyezunguka na dereva mmoja hadi Lubumbashi na kurudi mara nyingi naye ana mtaji usioandikwa popote: anajua mizani ya barabarani, anajua mipaka, anajua namna ya kufunga turubai na kukagua matairi usiku, na ana dereva wa kumsemea, kinachomkwamisha huwa ni leseni. Huyu ningemshauri amfuate tajiri wake kabla ya kukifuata chuo, amwombe amlipie ada na kumkata kidogo kidogo, ilimradi masharti ya kukatwa yaandikwe. Kijana ambaye hajawahi kushika usukani wa gari lolote, akauza shamba ili asomee malori moja kwa moja, namwonea huruma. Asomee gari dogo, atafute kazi ya kusambaza bidhaa mjini, na suala la malori alirudie baadaye.

Kazi ya kumtafuta mwenye ufunguo huchukua siku tatu au nne, na gharama yake ni nauli tu. Tembelea yadi na maegesho ya malori, iwe Dar es Salaam, Mbeya au Tunduma, uzungumze na madereva walioegesha wakisubiri mzigo, kwa kuwa dereva anayesubiri ana muda na hana sababu ya kukudanganya. Usimuulize analipwa kiasi gani, maana swali hilo huleta majigambo au kukwepa. Muulize amefanya safari ngapi katika miezi mitatu iliyopita, alikaa siku ngapi mpakani katika safari ya mwisho, na dereva mgeni wa mwisho kuajiriwa pale alitoka wapi. Jibu la swali la tatu ni dhahabu. Ukiambiwa katika yadi nne mfululizo kwamba wageni wote walikuwa matingo wa hapo hapo au ndugu wa madereva, umeshajua kwamba cheti pekee hakifungui geti. Uliza pia kuhusu madeiwaka, wale wanaoshika gari kwa muda dereva mwenyewe anapopumzika au kuugua, kwa sababu madereva wengi huingia kazini kupitia mlango huo, na mlango huo hauna mshahara wa uhakika.

Ukishapata picha hiyo, kaa chini na kalamu. Takwimu ninazotumia hapa ni za mfano wa kukokotoa tu. Weka zako mahali pake. Tuseme ada ni shilingi 500,000, na chuo kiko mbali na kwenu, hivyo nauli, malazi na chakula kwa mwezi mmoja ni shilingi 350,000. Tuseme kazi ya Canter unayoiacha inakuachia shilingi 450,000 kwa mwezi, nazo hutazipata ukiwa darasani. Mpaka hapo umetumia shilingi 1,300,000. Sasa ongeza kile ambacho karibu kila mtu hukisahau, yaani miezi ya kuzunguka na bahasha. Ukikaa miezi mitatu bila usukani, umepoteza shilingi 1,350,000 nyingine, na jumla inakuwa 2,650,000, ambapo ada uliyokuwa ukiipigania ipunguzwe haifiki hata sehemu moja ya tano.

Kisha tazama kinachoingia. Kipato cha dereva wa masafa marefu kwa kawaida kina sehemu mbili, mshahara na posho ya safari, na kosa kubwa ni kuihesabu posho yote kuwa ni yako. Ndani ya posho hiyo kuna chakula cha njiani, maegesho, vocha, na mara nyingine utingo wako, na foleni ya mpakani Tunduma au Kasumbalesa ikirefuka, siku za ziada huliwa kutoka humo humo. Chukua tu kinachobaki baada ya kurudi nyumbani. Kama kinachobaki pamoja na mshahara ni shilingi 650,000 kwa mwezi, umeongeza 200,000 juu ya ulichokuwa ukipata, na gharama yako itarudi baada ya miezi 13 na siku chache. Kama ulikuwa na mahali pa kuanzia kabla ya kwenda chuoni, hukupoteza ile miezi mitatu, na gharama inarudi ndani ya miezi sita na nusu. Lakini safari zikipungua na kipato kikashuka hadi 500,000, nyongeza ni 50,000 tu, na utahitaji miezi 53 kurudisha fedha yako, wakati leseni yenyewe hudumu miaka mitano. Fanya hesabu hiyo mara mbili, moja ya mwezi mzuri na moja ya mwezi mbaya, na uamue kwa kutumia ile mbaya. Ikiwa fedha ya ada ni ya kukopa, hasa ile mikopo ya kausha damu inayodaiwa kila wiki, hesabu haihitaji hata kuendelea, kwa sababu marejesho yataanza kabla hujaona hata kivuli cha mshahara wa kwanza.

Suala la mzigo wa kesho nalo lina nafasi yake. Barabara ya kwenda Zambia na Kongo inalishwa na bandari ya Dar es Salaam na shaba ya migodini, na sambamba nayo inapita reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Reli ya kisasa nayo inaelekea kanda ya ziwa. Reli ikiimarika, baadhi ya mizigo mizito itahama barabarani. Sioni kwamba jambo hilo linatosha kumzuia mtu leo, ila linatosha kumkataza kuweka mpango wa marejesho wa miaka mingi.

Hesabu ikikubali, sasa ndipo chuo kipimwe, na hapa ningekuomba uwe msumbufu. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichoko Mabibo na vyuo vya ufundi vya VETA vinafahamika, na vipo vya binafsi vilivyosajiliwa. Vyovyote utakavyochagua, nenda ukatazame mafunzo yakiendelea kabla ya kulipa. Je, lori la kufundishia lina trela, au ni Fuso ya kipande kimoja? Wanafunzi wangapi hupanda gari moja, na wewe mwenyewe utashika usukani kwa saa ngapi? Mwezi mzima wa kukaa kiti cha nyuma ukimtazama mwenzako si mafunzo. Gia ni za mkono au za kujibadilisha zenyewe? Yapo makampuni yenye magari ya aina zote mbili, na aliyezoea moja tu huonekana mara moja. Katika yadi tuliyokuwa, mwombaji alipewa jaribio fupi: aunge trela, achomeke mabomba ya upepo wa breki, avute mbele kidogo kuhakikisha imeshika, apandishe miguu ya trela, halafu airudishe nyuma kati ya magari mawili. Waliosahau kusubiri upepo ujae hatukuwapeleka barabarani.

Jambo ambalo mimi ningelipa kipaumbele kuliko yote ni miteremko. Lori linalorudi na shaba kutoka Kongo linaushuka mlima Kitonga likiwa na uzito unaoweza kukaribia kikomo cha tani 56 kilichowekwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, na dereva anayetegemea kanyagio pekee huzichemsha breki hadi zikaacha kushika. Gia ndogo huchaguliwa juu, kabla ya kuanza kushuka, na breki ya injini ndiyo inayofanya kazi kubwa. Uliza kama chuo hupeleka wanafunzi kwenye mteremko halisi wakiwa na mzigo, au huishia uwanjani kwenye tambarare. Uliza pia kama wanafundisha mizani, hati za forodha, na ule mkanganyiko wa kuhamia upande wa kulia wa barabara unapoingia Rwanda kwa Rusumo au Kongo kwa Kasumbalesa.

Wapo watakaokuambia kwamba cheti chao ni tiketi ya Ulaya au Ghuba. Leseni ya Tanzania haitoshi kuendesha lori la biashara katika nchi za Umoja wa Ulaya. Huko hudaiwa leseni inayotambuliwa na cheti maalumu cha weledi, kinachohuishwa kila miaka mitano kwa mafunzo ya saa 35. Usiiingize ahadi hiyo katika hesabu yako hata kwa shilingi moja, na anayeitoa mwombe usajili wake wa uwakala wa ajira.

Ukiamua kulipa, lipa kwa awamu kama chuo kinaruhusu, kwenye akaunti yenye jina la chuo na si kwenye namba ya simu ya mwalimu, na upewe risiti inayoonyesha idadi ya saa za usukani ulizolipia. Kazi unayoifanya usiiache kwa ugomvi. Omba likizo, au mweke ndugu ashike gari hilo kwa deiwaka, ili ukirudi bila nafasi uwe na pa kuanzia wakati ukizungusha bahasha.