Jinsi ya kutengeneza ndege ya Caudron G.3 kwa mabua ya uwele (na usidharau uzi)

Huku kwetu Dodoma watu wakishavuna uwele na mtama, kuanzia mwezi wa sita hivi, mabua ni bwerere, yamelala tu shambani yanasubiri ng'ombe. Wengi wetu tuliokulia huku tumeshatengeneza magari ya mabua, tena mengine yalikuwa na usukani na sauti ya mdomo juu. Sasa mimi nimepanda daraja, natengeneza ndege, na si ndege ya kubuni, ni ndege ya kweli iliyofundishia marubani wa jeshi la Ufaransa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Nimeshatengeneza tatu, moja iliharibika kabisa, nyingine ililiwa (nitaeleza), ya tatu inaning'inia sebuleni. Hii ya tatu ndo nawaelekeza.

Kwanza uijue. Caudron G.3 ilitengenezwa na ndugu wawili, Gaston na René Caudron, wa Le Crotoy, kijiji cha pwani kule Somme kaskazini mwa Ufaransa. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza 1914 iliingizwa kazini kuchungulia adui na kuelekeza mizinga, lakini ilikuwa taratibu mno na haina namna nzuri ya kujitetea, ndege mpya za Wajerumani zikaifanya kitoweo, ikaondolewa mbele na kupelekwa shule za marubani. Huko ndo ilipopata jina. Ile taratibu iliyokuwa aibu vitani ikawa sifa shuleni, maana mwanafunzi anayekosea kwenye ndege nyepesi inayotua polepole ana nafasi ya kukosea tena kesho. Zilitengenezwa zaidi ya 2,000. Spidi yake ya mwisho kama kilomita 106 kwa saa, yaani treni yetu ya SGR ya kwenda Dar ingeipita huku abiria wanakunywa chai. Injini yake nguvu farasi 80, bodaboda sita au saba ukizijumlisha, basi.

Na msidhani ni mambo ya Ulaya tu. Mwaka 1915 Waingereza walileta Caudron G.3 mbili kisiwani Mafia, pamoja na ndege nyingine aina ya Farman, zikawa zinaruka juu ya delta ya Rufiji kuitafuta na kuelekeza mizinga kwenye ile meli ya Wajerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha kwenye mikoko. Meli iliisha tarehe 11 Julai 1915. Kwa hiyo hii ndege imeshapigwa na joto la kwetu, ni mwenyeji kabisa.

Haya tuanze kazi.

Skeli ni moja kwa ishirini, usipende makubwa. Ndege halisi bawa la juu lina mita 13.4 kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo yako sentimita 67. Urefu mita 6.4, yako 32. Kimo mita 2.5, yako 12 na nusu. Bawa la chini ni fupi kuliko la juu, mimi nililikata sentimita 40, na upana wa mabawa nikaweka 7 na nusu. Chora kwenye boksi lililofunuliwa, mchoro wa juu na wa ubavu, saizi ileile ya kazi, halafu kila kipande unakipimia juu ya mchoro. Ukianza kukisia kwa jicho bawa moja litakuwa refu kuliko lingine, nakuapia.

Vifaa: mabua makavu ya uwele kama kumi, wembe mpya, uzi wa cherehani (mweusi ni mzuri, unaonekana), gundi nyeupe ya mafundi seremala, miiba ya mgunga, kitambaa chepesi cha bitana, wanga au unga wa muhogo, vifuniko vinne vya chupa za maji, waya mwembamba, ndala iliyokufa, na mrija wa kalamu iliyoisha wino. Hela utakayotumia ni ya gundi, uzi na bitana, vyote vipo Majengo sokoni.

Kuchagua mabua ndo kuna ujuzi. Usichukue yaliyokaukia juani yamelala, yanajikunja. Chukua yaliyosimama, yaanike kivulini wiki nzima, halafu kagua kila bua kama kuna kitundu kidogo, maana funza wa mabua akishapita ndani unabaki na bomba la unga, linakuja kuvunjika ukiwa umeshamaliza kila kitu. Pasua bua uondoe ganda la nje, lile gumu linalong'aa, hilo ndo mbao yako. Nyama ya ndani ile laini usitupe, ni ya kuungia. Ganda likichongoka unalichoma kwenye nyama, linashika kama msumari, tone la gundi juu yake. Ni ufundi uleule wa magari ya utotoni, sijagundua chochote.

Anza na kibanda cha rubani. Ndege hii haina mwili mrefu kama za sasa, ina kitu kifupi kama kihori cha kulishia ng'ombe, injini mbele, watu wawili ndani, kikaishia hapo. Nyuma yake hakuna kitu, ni hewa. Mkia umeshikwa na fito nne ndefu, mbili juu mbili chini, zimeunganishwa kwa nguzo na waya. Mpwa wangu aliponiona naziunga akauliza, "Mjomba, mbona unatengeneza tenga la kuku?" Nikacheka, maana Wafaransa wenyewe ndege za namna hii walikuwa wanaziita hivyohivyo, kizimba cha kuku. Fito mbili za chini ndo zinapita hadi mbele zinakuwa miguu ya kutelezea ardhini, magurudumu (vile vifuniko vya chupa) yamefungwa humo, mawili kila upande. Ukiliona hilo umerahisisha kazi, ufito mmoja unafanya kazi mbili. Fito za juu zinaanzia kwenye boriti ya pili ya bawa la juu. Kadiri zinavyokwenda mkiani za juu na za chini zinakaribiana. Mkiani weka bawa dogo la kulala, na juu yake usukani wa kusimama ni miwili, siyo mmoja.

Mabawa sasa. Kila bawa lina boriti mbili, ya mbele na ya kati, halafu mbavu zinakatiza. Boriti tumia maganda mawili yaliyogundishwa mgongo kwa mgongo, ganda moja linapinda. Mbavu ziwe nyembamba kabisa na zitokeze nyuma ya boriti ya pili kama theluthi ya bawa, bila kitu cha kuzishika isipokuwa uzi mmoja unaopita ncha zote. Ukitazama picha ya Caudron yoyote utaona ukingo wa nyuma wa bawa umekaa kama mawimbi, ni kwa sababu hiyo, kitambaa kinauvuta ule uzi ndani kati ya ubavu na ubavu. Hapa kwenye ndege ya kwanza nilikosea, niliona mbavu zinalegea nikaweka boriti ya tatu nyuma ili iwe imara. Iliimarika kweli, na ndege ikafa, maana sehemu ile INATAKIWA kulegea.

Nieleze kidogo. Ndege za sasa ukitaka zilale upande mmoja kuna vibao vinavyofunguka kwenye mabawa. Caudron G.3 nyingi hazikuwa navyo. Rubani alikuwa anavuta kamba na bawa zima linajinyonga kama unavyokamua nguo. Ukingo wa nyuma wa bawa la kulia ukivutwa chini bawa lile linapata nguvu zaidi ya hewa linapanda, la kushoto linashuka, ndege inalala kushoto. Kwa hiyo mafunzo ya rubani wa zamani yalikuwa kuunyonga mti na kitambaa kwa mkono wake, na mwanao anaweza kuyaona hayo sebuleni kwako ukifunga uzi vizuri.

Nguzo za kati ya mabawa zina sentimita 7. Za mbele zigundishe. Za nyuma USIGUNDISHE, zifunge kwa uzi juu na chini mara tatu tatu ili ziwe kama bawaba.

Halafu uzi wenyewe. Hapa ndo watu wengi wanachoka wanaweka nyuzi mbili tatu za mapambo wanasema imekwisha. Ndugu zangu, mabua hayashiki ndege hii, uzi ndo unaishika, ukiutoa uzi unabaki na kuni. Kila chumba kati ya nguzo na nguzo kinataka nyuzi mbili za msalaba. Ule unaoanzia chini karibu na kibanda kwenda juu kuelekea ncha unazuia bawa lisipinde kwenda juu ndege ikiwa angani. Ule unaoanzia juu kwenda chini kuelekea nje unazuia bawa lisidondoke ndege ikiwa imetua. Anza katikati uende nje, funga mmoja kulia mmoja kushoto, kulia kushoto, na usikaze hadi nyuzi zote ziwe zimekaa. Ukimaliza upande mmoja kwanza utaona bawa limekwenda huko kama mtu mwenye bega bovu na hulirudishi tena. Kila baada ya nyuzi nne weka ndege mezani, piga magoti, itazame kwa mbele.

Nyuzi za kunyonga ni mbili tu na ni tofauti na hizo. Wa kwanza unafungwa juu ya nguzo ya nyuma ya kulia, unashuka, unapita chini ya kibanda kwenye kipete cha waya, unapanda hadi nguzo ya nyuma ya kushoto. Ni uzi mmoja mzima, haukatwi. Wa pili unapita juu, kwenye kijiti kilichosimama katikati ya bawa la juu, unaunganisha pande zote mbili vilevile. Sasa ukivuta wa chini kulia kidole kimoja, kulia kunashuka, uzi wa juu unalivuta la kushoto lipande. Ukifanikiwa hapo utajikuta unavuta tu kama mtoto, mimi nilikaa nayo hadi chai ikapoa.

Kuvika: watu wanatumia karatasi, inapendeza, lakini ukinyonga bawa karatasi inachanika. Tumia bitana. Chemsha uji mwepesi wa muhogo, upoe, paka kwa brashi, ukikauka kitambaa kinajikaza chenyewe. Wao walikuwa na dawa yao maalumu ya kukaza kitani, kazi ni ileile. Paka kidogo, safu moja. Vika juu ya mabawa, mkia na kibanda, ila zile fito nne za nyuma ziache uchi. Rangi ya kitambaa iache hivyohivyo. Ukitaka alama za Kifaransa chora duara la bluu katikati, jeupe, halafu jekundu nje, na kwenye sukani milia mitatu, bluu ikianza upande wa mbele.

Injini kata duara kwenye ndala, chomeka vipande tisa vya mrija wa kalamu kuzunguka, kila baada ya digrii 40. Tisa kweli, injini yake, Le Rhône, ilikuwa na silinda tisa. Kitu cha ajabu ni kwamba injini yenyewe ilikuwa inazunguka pamoja na propela, mhimili wa kati ndo umesimama. Kwa hiyo duara lako na propela vigundishe pamoja kwenye waya mmoja vizunguke vyote. Mafuta yake ya kulainishia yalikuwa ya nyonyo, haya haya ya mmea wetu, kwa sababu hayachanganyikani na petroli, yakawa yanarushwa nje yanampaka rubani usoni, na mtu akiyameza siku nzima mnajua wenyewe nyonyo inafanya nini tumboni. Kuna rubani Mfaransa anaitwa Jules Védrines alitua na Caudron G.3 juu ya paa la duka la Galeries Lafayette, Paris, Januari 1919, na mwanamama rubani, Adrienne Bolland, akavuka nayo milima ya Andes tarehe 1 Aprili 1921. Kwa injini hiyohiyo ya bodaboda saba!

Mwisho kuitundika. Ya pili niliianika uani gundi ikauke, nikaenda dukani mara moja. Narudi mbuzi wa jirani ameshamaliza bawa la kushoto na anaanza mkia, kitambaa chenye uji wa muhogo juu ya bua, kwake hiyo ni pilau. Na asingekuwa yeye ungekuwa ule upepo wa vumbi wa mwezi wa nane. Kwa hiyo ikaushie ndani, tafuta pointi ya mizani kwa kuibeba kwa vidole viwili chini ya bawa la juu (yangu iko karibu na boriti ya mbele), funga hapo uzi, misumari miwili darini. Ikining'inia na mdomo juu, ongeza kipande cha ndala nyuma ya injini hadi ilale sawa.