SOMO: Kumwandikia mbunge barua ya haki ya mazingira (soma yote kabla ya kuuliza)

Wakuu salaam. Wiki hii nimetumiwa ujumbe wa faragha mara sita, swali lile lile: "Naanzaje kumwandikia mbunge kuhusu moshi, dampo, maji machafu?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Mjue wa kumwandikia: mbunge wa jimbo lako kwanza, kisha mwenyekiti wa kamati ya mazingira. Basi.

2. Jina, unapoishi, tarehe, "Yah:". Aone kwamba wewe ni mpiga kura wake.

3. Aya ya kwanza: mnachokiona. "Uchafuzi umekithiri" kila mtu anaandika. Andika kwamba nguo mkizianika asubuhi, adhuhuri zina masizi. Kwamba darasa la upande wa bomba la moshi la kiwanda hufunga madirisha hata kukiwa na joto. Kama mmepima, weka na kigezo kando: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 kwa chembechembe laini za moshi na vumbi hewani (PM2.5) ni maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, na 15 kwa saa 24.

4. Aya ya pili: haki. Nani anabeba mzigo, nani anakula faida, nani aliulizwa? Kama dampo, bwawa la maji taka na kiwanda cha kuyeyusha betri vyote vimerundikwa mtaa mmoja wa watu wasio na sauti, chora ramani ndogo kwa mkono, uiambatishe.

5. Ombi. HAPA NILIHARIBU. Barua yangu ya kwanza ilikuwa kurasa nne, maombi kumi na moja, la kwanza likiwa "tunakuomba ufunge kiwanda". Miezi miwili baadaye nikajibiwa mistari miwili: leseni hutolewa na kufutwa na mamlaka nyingine, asante kwa kujali mazingira. Nilinuna wiki nzima, halafu nikakubali kuwa yule bwana alikuwa sahihi. Mbunge hafungi kiwanda. Anaweza kuuliza swali bungeni, waziri akajibu na jibu likaingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za bunge. Anaweza kupeleka marekebisho ya kifungu kwenye muswada. Anaweza kuishawishi kamati iwaite wahusika na nyaraka zao. Anaweza kushikilia fungu la bajeti. Chagua MOJA. Barua yangu ya pili ilikuwa ukurasa mmoja: "Tunaomba umuulize waziri kwa maandishi, moshi wa kiwanda kilicho kando ya shule ulipimwa lini mara ya mwisho, na matokeo yako wapi?" Swali likaulizwa. Ikajulikana haukuwahi kupimwa.

Tahadhari mbili hapa hapa. Usiandike "kiwanda kinaua watoto wetu" kama huna ripoti ya daktari, utashtakiwa wewe. Na usitaje muswada kabla ya kuhakikisha umefika hatua gani, maana ukishapitishwa unaomba marekebisho ya kitu kilichokwisha.

6. Sahihi. Tulikusanya 212 kwenye karatasi za daftari, ombi likiwa ukurasa wa mbele peke yake. Karani akazipekua akauliza, "Hawa wamesaini nini? Mbona kama wageni wa harusi?" Tukarudia zote. Mabunge mengi hutaka ombi lionekane juu ya kila karatasi ya sahihi.

7. Peleka, baki na nakala, kumbushia baada ya wiki tatu.

MASWALI

kalamu_butu: Mkuu niandikie na mimi, mto wetu umechafuka.

Mwenye somo: Mto gani, umechafuliwa na nini, unaomba nini?

kalamu_butu: Nilidhani hili ni somo la kusaidia watu.

Mwenye somo: Ndilo. Liko hapo juu, hatua ya 3 na ya 5.

mpitanjia: Mnajisumbua. Waheshimiwa hawasomi barua.

Mwenye somo: Sijasema wanasoma. Mara nyingi anayesoma ni msaidizi, naye anahesabu. Barua arobaini zilizonakiliwa neno kwa neno zinafungwa rundo moja. Tano zenye maneno tofauti zinamsumbua. Swali langu la kiwanda nalo lilianzia kwenye barua.

mama_pacha: Samahani kaka, kwa nini tuhangaike na wabunge? Rais si anaweza kutoa amri tu ikaisha?

Mwenye somo: Swali zuri dada, ngoja nilijibu vizuri. Mwaka 1982 huko North Carolina, Marekani, serikali ya jimbo ilizika udongo wenye sumu ya PCB (kemikali ya viwandani) katika kaunti ya Warren, ambako wakazi wengi walikuwa weusi na maskini. Watu walilala barabarani mbele ya malori, zaidi ya 500 wakakamatwa, na udongo ukazikwa vile vile. Lakini vuguvugu lile likakua, na mwaka 1994 Rais Clinton akatoa amri namba 12898, idara za serikali ziangalie mzigo wa uchafuzi unaowaangukia watu kama hao. Januari 2025 Rais Trump akaifuta kwa amri nyingine. Sheria ya bunge ingebidi irudi bungeni, ijadiliwe na kupigiwa kura mbele ya macho ya watu.

mama_pacha: Kumbe! Na kuna cha kimataifa cha kutaja?

Mwenye somo: Kipo. Azimio 76/300 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, 28 Julai 2022, linatambua mazingira safi, yenye afya na endelevu kuwa haki ya binadamu. Kura 161 za ndiyo, hapana sifuri, nchi 8 zikajizuia. Haliibani serikali kama mkataba, ila angalia nchi yako ilipigaje. Kama ni ndiyo, mkumbushe mbunge kwa sentensi moja.

fundi_picha: Nyongeza kwenye hatua ya 3. Piga picha mahali pale pale, saa ile ile, kila siku. Na msitegemee zilizopita WhatsApp, tarehe na mahali vilivyofichwa ndani ya faili hufutika. Hifadhi faili la asili.

Mwenye somo: Hili sikulijua. Asante sana, naliongeza.

kijana_wa_juzi: Naweza kuwatumia wabunge wote kwa pamoja?

Mwenye somo: Hatua ya 1.

mama_pacha: La mwisho kaka. Muhuri wa kupokelewa wanagonga wenyewe?

Mwenye somo: Mpaka uombe. Nenda na nakala mbili, ya kwako ndiyo igongwe.